Niliotesha, Nilioteshwa

Herufi moja ndiyo iliyonifarakanisha na Mwalimu Subilaga, na herufi yenyewe ni w. Hilo ndilo jibu ninalowapa watu wakiniuliza, kwa sababu ni fupi, linawachekesha kidogo, halafu wanaacha kuuliza. Ukweli ni mrefu zaidi, na mimi ndani yake sionekani vizuri.

Mwaka huo, wa thelathini na sita tangu Mkataba wa Njia, nilikuwa msomaji wa daraja la kwanza wa Baraza la Njia. Mji wetu uko juu milimani, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na Mlima Rungwe unajifunika ukungu hata saa sita mchana. Kazi ya msomaji ilikuwa kumkalisha mtu kitini, kumvika kofia ya Mfuasi, mashine yetu ya kufuata mawazo, na kumwomba atamke jambo analodai kulijua. Akishalitamka, Mfuasi alirudi nyuma ndani ya kichwa chake, kutoka wazo hadi wazo lililolizaa, mpaka pale lilipoanzia. Kwenye kioo mbele yangu njia hiyo ilionekana kwa nyuzi. Uzi wa kijani ulikuwa jambo aliloliona au kuambiwa na wenzake. Uzi wa buluu ulikuwa jambo alilolifikia kwa kufikiri, hatua baada ya hatua. Mara mojamoja ulitokea uzi mweupe, ambao haukutoka popote, umeanza tu. Kwenye sheria huo uliitwa ujio. Sisi wasomaji, kwa utani wetu, tuliuita wa hewani.

Msije mkadhani tulikuwa watu wakatili. Mkataba ulizaliwa na miaka ya manabii, na mimi miaka hiyo naijua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nabii mmoja aliposimama na kipaza sauti uwanjani kwetu akatangaza kwamba ameoteshwa, yaani amefunuliwa usingizini, na kwamba anayeamini hahitaji dawa. Mama yangu alikuwa na kisukari. Alirudi nyumbani anaimba, akachukua sindano zake zote akazitupa chooni. Wiki ya tatu tulimzika. Nabii alikuja msibani akasema imani ya mama ilikuwa pungufu, akala, akaondoka. Kwa hiyo nilipokua na kusikia kwamba kuna sheria inayomuuliza kila mtu amejuaje anachokijua, niliipenda kama mtu anavyompenda aliyemwokoa.

Sheria haikumkataza mtu kuamini. Kanisani, msikitini, nyumbani kwako, uliamini ulivyotaka. Ila jambo la ujio halikuruhusiwa kuwa msingi wa sheria wala kufundishwa shuleni. Na kwa kuwa mambo mengi tuliyojifunza utotoni husahaulika njia yake, uzi mweupe peke yake haukutosha kumhukumu mtu. Ilibidi shahidi mwenyewe aseme, kwa neno lake, jambo hilo alilipataje. Sauti haikurekodiwa, ili watu wawe huru kusema. Msomaji ndiye aliyeandika neno hilo kwa mkono wake, na neno aliloliandika ndilo lililosimama.

*

Kanuni zote kuu zilisomwa upya kwa zamu, na zamu ya Mwalimu Subilaga Mwakipesile iliangukia kwangu. Ningeweza kuomba nisipewe, maana alikuwa amenifundisha falsafa kwa miaka minne, na harusi yangu yeye ndiye aliyekaa mahali pa mama. Sikuomba. Niliona fahari kuwa mimi ndiye nitakayemsoma.

Yeye ndiye mwenye Hoja ya Hatua Kumi na Moja, ambayo kila mtoto wa shule aliikariri. Hatua sita za mwanzo zinaonyesha kwamba thamani ya vitu vyote hutoka kwa anayevithamini, kwa hiyo mshika mizani hawezi yeye mwenyewe kutiwa kwenye mizani. Hatua ya saba inasema kwamba aliyelala naye ni mshika mizani, hata kama mkono wake hauna tena nguvu ya kuishika. Nne zinazobaki zinatoka humo hadi kwenye kanuni yenyewe, maneno mawili tu: mtu hapimwi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowalinda watu wa Nyumba ya Utulivu. Walikuwa arobaini na mmoja, wote wamelala usingizi usioamka, wanapumua na kulishwa kwa mashine. Mmoja wao alikuwa Bupe, binti aliyeanguka kutoka juu ya mti wa parachichi akiwa na miaka kumi na saba, na sasa alikuwa na ishirini na sita. Baba yake, Lwitiko, fundi wa viatu, alifika kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake ili amchane nywele. Kila aliyewahi kupita ile nyumba alimjua.

Mwalimu alifika na mwavuli uliokatika kijiti kimoja. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama bado nakunywa chai bila sukari. Nilimvika kofia. Aliitamka hoja yake yote kwa sauti ileile ya darasani, akitua mwisho wa kila hatua kama anayesubiri mwanafunzi amalize kuandika.

Nyuzi zilitokea. Hatua ya kwanza buluu, ya pili buluu, na kuendelea hadi ya sita, safi kabisa; hata leo sijaona kichwa kilichonyooka namna ile. Ya saba ilitokea nyeupe. Nikadhani kioo kimechafuka, nikakifuta kwa mkono wa sweta. Ya nane, ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa buluu tena, na zote zilikuwa zimefungwa kwenye ile nyeupe.

Nikamuuliza swali la kazi. "Mwalimu, hatua ya saba uliipataje?"

Jibu alikuwa nalo, naona alikuwa anatafuta namna ya kunifikishia.

"Nilioteshwa," akasema.

Akanisimulia. Siku hizo alikuwa bado kijana, ualimu hajaupata, anafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya parachichi. Adhuhuri moja alijinyoosha kwenye magunia, akasinzia. Akaona mizani kubwa kama ile ya kupimia majani ya chai, na watu wamepanga mstari kupimwa. Akapanda mkulima, mshale haukusogea. Akapanda mkuu wa wilaya, haukusogea. Akaletwa mgonjwa kwenye machela, hajitambui, wakamweka na machela yake, mshale ukabaki palepale. Karani wa mizani hakushangaa hata mara moja. Kila mtu alipopanda, karani aliandika neno moja, "Yupo," akamwita anayefuata. Mwalimu aliamka anajua. Ndivyo alivyosema, aliamka anajua, kama mtu anavyoamka anajua kwamba kumekucha.

Neno lile nilikuwa nimelisikia mara ya kwanza kwenye kipaza sauti, uwanjani kwetu. Sikutegemea kulisikia kinywani mwake.

Lakini nilimpenda, na nikaona mlango. Kwa lugha yetu, anayesema *niliotesha* amepanda mbegu akaitunza mpaka ikachipua, na hiyo ni kazi ya mikono na akili yake. Mtu alikuwa kitaluni, anaotesha mbegu. Wazo nalo aliliotesha humohumo. Herufi moja ingedondoka, uzi mweupe ungehesabiwa njia iliyosahauliwa, na watu arobaini na mmoja wangeendelea kupumua.

"Mwalimu," nikasema, "nadhani unataka kusema uliotesha. Ulikuwa kitaluni."

Akanitazama kwa upole uliokuwa na kuchoka ndani yake.

"Kuotesha, nilikuwa naotesha maparachichi, Tusa. Hili nilioteshwa."

"Nikiandika hivyo, unajua kitakachofuata."

"Najua. Wewe andika nilichosema."

Nikamwuliza mbona miaka yote hakutuambia darasani. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hatua ya saba ilitoka wapi. Walimuuliza tu kama inasimama.

*

Karatasi ya chanzo ilikuwa na sehemu tatu. Juu, jambo lenyewe. Katikati, neno la shahidi. Chini, nafasi ya nusu ukurasa iliyoandikwa Maelezo ya Msomaji.

Nilikaa nayo siku mbili. Mume wangu alidhani naumwa. Nilijiambia kwamba hapa kuna mambo mawili tu: niseme uongo niwaokoe wale wagonjwa, au niseme kweli niwapoteze. Nililipima jambo hilo kila upande, nikajiona mtu mwaminifu sana anayeteseka. Uongo wangu ungekuwa mdogo, lakini kama msomaji mmoja akidondosha herufi kwa ajili ya mwalimu wake, mwingine atadondosha kwa ajili ya nabii wake, na mama wa mtoto mwingine atatupa sindano zake. Hiyo ndiyo hoja niliyojijengea, na bado naiona haina kasoro.

Asubuhi ya siku ya tatu niliandika *nilioteshwa*, na w yake. Nafasi ya chini niliiacha wazi. Wakati ule sikuona kama nimefanya lolote kwa kuiacha wazi. Wengi huiacha wazi.

Lakini nitasema kweli hapa, maana kule sikuisema yote. Niliiacha wazi kwa hasira. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kutumia neno lile, na nilitaka neno libaki peke yake pale kwenye karatasi, ajionee lilivyo.

Barazani Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mwambene, mtu mpole, anayesoma kila karatasi mara mbili. Alisoma. Akamuuliza Mwalimu kama neno ni lake, Mwalimu akasema ni lake. Akanigeukia akaniuliza kama msomaji ana la kuongeza. Nikasema sina. Mwalimu alikuwa amekaa upande wa mashahidi, mikono kwenye mapaja, na niliposema sina aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina la mgeni asiyemtarajia.

Kanuni ilifutwa. Mashine arobaini na moja za Nyumba ya Utulivu zilihitajika kwenye wodi za watoto njiti za miji mitatu, ambako watoto walikuwa wanakufa kwa kukosa mashine hizohizo, na kabla ya hapo kanuni ndiyo iliyozuia hata kulijadili jambo hilo. Msinione kama nawadharau watoto wale. Mtu aliyewapigia kura alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa ya buluu tupu.

Baraza lilitoa siku tisini. Yeyote ambaye angeleta njia ya hatua ya saba kwa kufikiri tu, kanuni ingerudi. Mwalimu hakuruhusiwa kujaribu, maana kichwa chake kilishachanganyika na ujio. Nilisimama palepale nikasema nitaileta mimi. Watu walipiga makofi, na nadhani hata Mwambene alifurahi.

*

Hatua ya saba haikufikika.

Nilianzia kila upande. Nikisema mtu ana thamani kwa sababu anathamini, basi aliyelala hathamini tena chochote, na hoja inamwacha nje. Nikisema ana thamani kwa sababu aliwahi kuthamini, basi maiti naye aliwahi. Nikisema ni kwa sababu huenda akaamka, madaktari walikuwa na takwimu, na takwimu zilikuwa kinyume changu. Nikisema ni kwa sababu baba yake anampenda, nimemtundika Bupe juu ya Lwitiko, na asiye na baba je? Kila nilikopita nilijikuta namweka mgonjwa kwenye mizani na kuomba mshale usisogee. Nilikuwa na madaftari sita. Siku ya sitini nilifunga madaftari nikaenda kitaluni.

Ndiko alikorudi baada ya kuvuliwa ualimu. Miaka sabini na minane, na amerudi kujaza udongo kwenye viriba vya kuoteshea miche. Aliponiona aliniletea kigoda na kisu, akanionyesha namna ya kukata mche wa kienyeji na kuubebesha kikonyo cha aina bora, viwili viote kuwa mti mmoja. Tulifanya kazi hiyo pamoja kama saa nzima bila kutaja jambo. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya turubai.

Mwishowe nikamwambia nimeshindwa. Hakushangaa. Alisema yeye mwenyewe, tangu adhuhuri ile, hajawahi kuifikia hatua ya saba kutokea chini. Amejaribu zaidi yangu.

Hapo hasira ilinipanda tena. Nikamwambia, "Yule nabii aliyemuua mama yangu naye alioteshwa. Nikutofautishe naye kwa lipi?"

Aliweka kisu chini.

"Siku ile nilipoamka, mimi mwenyewe sikuweza kujitofautisha naye," akasema. "Niliogopa. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Nilikaa nayo miaka kumi na mmoja naijaribu kwa kila hoja ninayoijua. Niliwatafuta watu wasionipenda wanisaidie kuivunja. Hatua zile nyingine kumi ndiko zilikotoka, nilikuwa naijengea ukuta nione kama itaupasua. Nabii wenu alikaa na ya kwake siku ngapi?"

"Alianza kuhubiri asubuhi yake."

"Basi."

Nikamwambia Mfuasi haoni hiyo miaka kumi na mmoja. Akasema anajua. Mfuasi anaangalia kitu kimetoka wapi, haulizwi kimepitishwa wapi. Mbegu nzuri na mbovu zote unaziokota chini, akasema, unazijua baada ya kuzitia maji. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, lile ambalo nimeishi nalo tangu siku ile.

"Nilidhani hilo utaliandika wewe. Kwenye ile nafasi ya chini."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikauliza mbona hakuniambia niandike.

"Ningekuambia, yangekuwa maneno yangu. Ile nafasi ni ya msomaji. Wewe ulinijua miaka yote, ulijua hoja ile nilivyoisumbua. Nikajua utaandika *nilioteshwa*, maana ndiyo kweli. Halafu chini yake utaandika kweli iliyobaki."

Hakulia wala hakunilaumu. Alichukua mche mwingine. Nilitamani anitukane, nipate cha kujitetea. Kwa muda wote nilikuwa nimejitesa na herufi moja, nidondoshe au nisidondoshe, na kumbe herufi haikuwa tatizo. Sheria yenyewe ilikuwa imeniachia nusu ukurasa mtupu wa kusema kwamba jambo hili lilikuja lenyewe na kisha likajaribiwa na akili kuliko sheria nyingine yoyote tuliyonayo. Ningeweza kusema kweli yote. Nilichagua ile kweli ndogo kwa sababu ilikuwa inaniuma, nikaiita uaminifu.

Siku hiyohiyo nilimwendea Mwenyekiti kuomba niongeze maelezo. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa kitabu cha taratibu, akanifungulia ukurasa. Maelezo ya msomaji yakishasomwa barazani hayaongezwi. Utaratibu huo tuliutunga miaka sita nyuma, baada ya wasomaji wawili kushawishiwa na ndugu wa mashahidi, na aliyeandika sentensi hiyo ni mimi. Aliniuliza kama nimepata njia ya hatua ya saba. Nikasema bado. Akasema zimebaki siku thelathini, na ananiombea.

*

Siku ya tisini nilikwenda Nyumba ya Utulivu asubuhi, kumwambia Lwitiko mwenyewe. Niliona ni vibaya asikie kwa mwingine. Mashine zilipangwa kuzimwa kuanzia saa nne, chumba kwa chumba, na chumba cha Bupe kilikuwa cha kwanza kwa sababu kiko karibu na mlango.

Alikuwa amevaa shati la Jumapili. Ameketi kwenye stuli upande wa kichwa cha binti yake, chanuo mkononi, kopo la mafuta ya nazi kwenye goti. Nikamwambia mimi ni nani, ingawa alikuwa ananifahamu, na kwamba nilijaribu na sikuweza. Akasema, "Umejitahidi, dada." Hakukuwa na kejeli ndani yake. Akaendelea kuchana. Alikuwa anagawa nywele kwa mstari katikati, anaanza upande wa kulia, anashika kila kifungu karibu na mzizi kwa vidole viwili kabla hajapitisha chanuo.

Nikauliza mbona anashika vile.

"Ili asivutwe," akasema.

Basi nikajua.

Sisemi nilifikiri. Nimefanya kazi ya kufikiri maisha yangu yote na najua inavyokuwa, hii haikuwa hiyo. Wala sisemi nilimwonea huruma yule mzee, ingawa nilimwonea. Nilijua tu, kwa ukamilifu, kwamba aliyelala pale hapimwi, kwamba kinachotaka kufanyika saa nne ni kosa, na kwamba lingekuwa kosa hata kama Lwitiko asingekuwepo na hakuna mtu duniani aliyemkumbuka huyu binti. Sikuwa na uhakika wa namna hiyo siku yoyote ile nyingine, hata nilipokuwa nasoma nyuzi za watu na kuwahukumu.

Nilitoka chumbani nikampigia Mheshimiwa Mwambene. Nikamwambia asimamishe, hatua ya saba ni kweli. Nilisikia pumzi yake ikibadilika, alitaka sana iwe hivyo. Akaniuliza nimeipataje. Nikasema sasa hivi. Akauliza kwa njia gani, akasema yuko tayari na kalamu, nimtajie hata hatua mbili.

Nilikuwa nimesimama kwenye korido yenye harufu ya dawa, simu sikioni. Nikatafuta hatua mbili. Nikatafuta moja. Ningemwambia nini, kwamba nimemwona mtu anachana nywele? Nilimwomba anipe siku arobaini, mwaka mmoja, niijaribu kama Mwalimu alivyoijaribu.

"Tusajigwe," akasema, "kama angekuwa mtu mwingine ameniambia hivi, ungenishauri nini?"

Alikata simu taratibu. Simlaumu hata leo. Alifanya kama sisi wasomaji tulivyomfundisha.

Nikarudi chumbani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Muuguzi alikuwa ameshaingia, mama mtu mzima, amesimama kando ya mashine bila kumwangalia mtu. Nilitaka kumwambia Lwitiko nilichokijua, nikaona kwamba yeye amekijua miaka tisa na hakihitaji kutoka kwangu. Nikabaki nimesimama. Akaniambia niketi ng'ambo ya kitanda, nimshike binti mkono wa kushoto, kwani huo ndio unaopata baridi upesi.

Nikaketi nikaushika. Muuguzi alifanya kazi yake. Mlio uliokuwepo siku zote chumbani, ambao nilikuwa sijautambua, ulikoma.

Lwitiko hakuacha. Alimaliza upande wa kulia, akapaka mafuta kwenye mstari, akasuka msuko mmoja mrefu akaufunga kwa uzi mweusi. Kisha alinyoosha mkono juu ya kifua cha binti yake akanipa chanuo, upande wa kushoto ulikuwa wangu. Sijawahi kujua kuchana nywele za mtu. Nilishika kifungu cha kwanza karibu na mzizi kwa vidole viwili, nikapitisha chanuo polepole sana, nikiogopa kumuumiza.